Upenyo wa Vidole Viwili

Saa kumi na nusu alfajiri.
Ruba wawili mguuni, mmoja shingoni.
Chumvi nimeisahau nyumbani, nimewabandua kwa kucha.
Naandika hivi kwa kuwa bwana Hazarika wa ofisi ya misitu
alisema: Taluk, andika kila ukionacho.
Basi. Ruba watatu.

Mti wenyewe mweupe, hauna tawi
mpaka pale shingo inapochoka kuutazama.
Huko juu jike amejifungia tangu mwezi wa tatu,
akajikandikia ukuta kwa kinyesi chake na maganda ya makuyu,
akabakiza upenyo wa vidole viwili.
Ndani amepukutisha manyoya, hana bawa la kurukia.
Roho yake na ya kinda
ameitundika kwenye mdomo wa mumewe.
Wanaume wengi niwajuao hawangeaminiwa hivyo.
Mimi nisingeaminiwa.

Saa kumi na moja na robo: kindi mkubwa, mkia mrefu kuliko kiwiliwili.
Saa kumi na mbili: kima wenye kofia nyeusi, kumi na mmoja,
na kitoto kimoja rangi ya siagi.
Saa kumi na mbili u nusu: kinyesi cha ndovu, bado chafuka moshi.
Nikahama jiwe.
Dume: hajaja.
Jana alasiri pia nimeandika hajaja,
penseli ikatoboa karatasi.

Hondohondo mkubwa husikika kabla ya kuonekana.
Binti yangu Yapa, akiyasikia yale mabawa,
husema treni ya Rangapara imepotea njia.
Leo msitu una kila sauti
isipokuwa treni.

Baba alikuwa na kofia.
Mdomo wa manjano ulikaa juu ya paji lake,
na kila aliyeingia nyumbani
aliutazama mdomo kwanza, baba baadaye.
Nikataka wangu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipompiga dume
akiwa na makuyu kooni.
Yalimtoka moja moja, mabivu, mazima,
nikayahesabu kwa furaha: ishirini na sita.
Nikachutama kumkata.
Ndipo juu yangu nikasikia: ngo.
Ngo, ngo.
Mdomo unagonga ukuta kwa ndani.
Nilidhani nikiondoka ataacha.
Kesho yake nikarudi, sijui kufanya nini.
Ngo.
Kesho kutwa nikapita njia nyingine.

Daftari hili lina safu ya saa,
safu ya tunda, safu ya idadi.
Halina safu ya mwaka ule.

Kofia niliyovaa leo ina mdomo wa plastiki.
Mwanzoni tuliucheka.
Mvua ikinyesha rangi yake hunichuruzika puani,
nikarudi nyumbani na uso wa manjano,
Yapa akacheka hadi akakaa chini.

Saa tatu. Nawaza ngazi ya mianzi.
Nawaza panga, niubomoe ukuta,
nimlishe papai kwa mkono wangu.
Kamin, kijana wa zamu, ananisoma machoni.
"Kanuni zinasema tusubiri, mzee."
Najua. Lakini kidole kilichozoea kufyatua
hakijui pa kukaa mtu anaposubiri.

Saa nne na dakika nane.
Ruba wa nne. Kisha treni.

Alitua akiwa amepungukiwa manyoya mawili ya mkia.
Alikokuwa ni siri yake.
Akatikisa koo, akapandisha kuyu moja,
akalishika kwa ncha, akalipenyeza ufani
kama mtu anayetia uzi sindanoni gizani.
Ndani, ncha nyingine ikalipokea.
Nilihesabu kwa sauti, Kamin akaandika,
kwa sababu mkono wangu ulikuwa na mambo yake.
Kumi na tisa. Ishirini.
Nilitaka yafike ishirini na sita.
Nilitaka sana.

Yaliishia ishirini na mbili,
halafu mjusi mmoja, mkia bado wacheza.
"Na mjusi niandike?"
Andika, nikamwambia.
Andika na mjusi.